Mke wa Darini

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka wa Xaveria alikuwa mbali mno. Gloriose, jirani yake pale Nyabiyonza, Karagwe, ndiye aliyemwonyesha picha kwenye simu. Yusto, mume wa Xaveria wa ndoa ya kanisani, aliyekwenda Unguja kuwaandalia wageni kahawa hotelini, ameketi mkekani huko Mji Mkongwe na mwanamke mwenye mashavu ya kushiba.

"Labda ni mwenzake wa kazi," Gloriose alisema.

Labda! Mwenzake wa kazi ndiyo amlalie begani?

Xaveria akachemsha amwani, zile kahawa za kutafuna anazokaribishiwa mgeni, akazianika, akazifunga kwa jani kavu la mgomba. Akapanda mabasi, akapanda boti, akatapika kila alichokula. Wivu peke yake ndio haukutoka.

Mji Mkongwe ulimkera tangu hatua ya kwanza. Vichochoro vilijaa wageni wa kaptula. Milango mikubwa ya nakshi ilipigwa picha kutwa, wala hakuna aliyebisha hodi. Barazani mwa hoteli yenyewe alimkuta mama mmoja akiuza karafuu na mdalasini.

"Shikamoo, mama. Wenye nyumba hii wako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tumehamia Ng'ambo. Mie nimezaliwa chumba kile cha juu, leo nauza viungo mlangoni pake."

Siku nyingine Xaveria angemwonea huruma. Siku hiyo aliwaza tu kwamba kumbe hata huku watu wanalaliwa vitanda vyao.

"Na yule mzee wa kahawa kutoka Karagwe?"

"Yupo darini, yeye na mkewe."

Yeye na nani?

Alipanda ngazi mbilimbili. Juu, wageni walikaa kwenye mito kuzunguka kibanda cha nyasi, mfano wa msonge wa kwao. Yusto alijifunga vazi la gome la mti, yeye ambaye Nyabiyonza hakutoka bila suruali ya kupigwa pasi. Xaveria akajibanza nyuma ya wageni.

"Huyu ni mke wangu, Xaveria," Yusto aliwaambia, akimshika kiuno yule mwanamke wa pichani. "Kahawa hii ameichuma mwenyewe, shambani kwetu Nyabiyonza."

Lo! Mwanamke kapewa mume, kapewa shamba, kapewa na jina la ubatizo! Na nani alishinda kwenye ile mibuni, mvua na jua, mpaka kucha zikawa nyeusi?

Yule mwanamke akaanza kugawa amwani kutoka kikapu alichoshika Yusto. Hakutafuna hata moja! Kwao mwenye nyumba hutafuna ya kwanza, mgeni aone haina sumu. Huyu aligawa tu, akicheka, kisha akamtilia Yusto moja mdomoni na kumfuta ndevu kwa kidole gumba. Hilo la ndevu halikuwa la wageni. Xaveria alilijua, kwa sababu zamani kidole hicho kilikuwa chake.

Akainuka. Akafungua jani lake, akatafuna moja mbele ya wote, akamnyooshea mumewe nyingine kwa mikono miwili.

"Karibu, Yusto."

Wageni wakapiga makofi. Meneja akasogea, meno yote nje. "Safi sana! Huyu naye ni nani?"

Yusto alimtazama mkewe, akamtazama yule mwingine, akamtazama meneja.

"Dada yangu," alisema.

Mikono ya Xaveria ilibaki imenyooka. Kisha akairudisha, akaitia ile kahawa kinywani mwake mwenyewe.

"Kaka," alisema, "nimetumwa na ukoo. Mkeo ameolewa."

Kikapu kikamponyoka Yusto, amwani zikatapakaa sakafuni. "Ameolewa na nani?"

Makofi tena.

"Na nani, nauliza! Nani analala nyumbani kwangu?"

"Na wewe inakuuma nini?" yule mwanamke alimgeukia, mikono kiunoni. "Si uliniambia umemwacha?"

Xaveria alikuwa tayari anashuka. Kelele zao zilimfuata ngazi nzima. Barazani alitafuna nyingine moja, akamkabidhi yule mama furushi lililobaki kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani kwako, mama," alimwambia, ndipo akaketi kando yake akalia.