Fundo la Masale kwenye Bampa

Mjinga wa siku ile alikuwa Eliufoo, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta kilabuni atakuambia kabla hujapata pa kukaa, kisha atakuomba umsogezee kata ya mbege, pombe ya ndizi, kwa sababu ujinga ukisimuliwa mchana unakausha koo.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, miaka ile ambayo kila mwenye shemeji Dar es Salaam alipata gari la Japani. Eliufoo naye alipata lake: Starlet ndogo, rangi ya ndizi iliyoanza kuiva, yenye kibandiko cha maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha mbele. Hakuna mtu Old Moshi aliyethubutu kukibandua, maana huenda ndicho kilichoshikilia kioo. Shemeji alisema gari hilo halinywi mafuta, linanusa tu. Eliufoo aliyarudia maneno hayo dukani, kwenye kikao cha harusi, na mara moja msibani, jeneza likiwa bado halijashushwa.

Siku hiyo alipanga kumtembeza mkewe Salvina na shangazi yake Theodora. Wangeshuka Kiboriloni, wakate kushoto, waende Marangu kuangalia maporomoko ya maji, kisha wapande Rombo wauone mlima kwa upande wa pili, kama wazungu, ila bila kutembea kwa miguu. Salvina alijaza mtori, supu nzito ya ndizi, kwenye chupa ya chai na ndizi za nyama kwenye hotipoti.

Gari la matembezi haliendi uchi, alisema Eliufoo. Alitaka kulipamba. Maua ya Salvina alikuwa amekatazwa kuyagusa tangu mwaka wa harusi, kwa hiyo akazunguka nyuma ya banda la gari, akakata jani moja refu la sale na kulifunga kwenye bampa ya mbele. Likawa linapepea. Akalipiga fundo ili litulie.

Mchagga hahitaji kuelezwa, lakini msomaji wa mbali asipotee. Masale ni mimea ya majani marefu ya kijani inayopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani lile shamba la migomba ambamo ukoo unaishi na kuzikwa. Jani lake likikatwa, likapigwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, linasema: nisamehe. Aliyepelekewa haruhusiwi kukataa. Ila ni lazima litoke kwenye ardhi ile ile yenye kesi, kwa sababu jani la kuazima linamwombea msamaha yule aliyekuazima.

Eliufoo aliyajua yote hayo tangu utotoni. Ila alijisemea kwamba gari limetengenezwa Japani, litayajulia wapi mambo ya Wachagga?

Na jani lenyewe lilikuwa na historia. Baba yake Eliufoo alipokuwa hai, dada yake Eliufoo, Kornelia, alirudi kutoka kwa mume akiwa na sanduku moja na mkono uliovunjika.  Mzee alimkatia kipande cha kihamba chini ya mfereji, akapanda mstari wa masale kwa mikono yake, akamwambia, hapa ni kwako, utalima na utazikwa. Mzee alipofariki, kihamba kikamwangukia Eliufoo, mtoto wa mwisho, kama ilivyo desturi. Gari lilipokuja likahitaji pa kulala. Sehemu iliyo tambarare ilikuwa moja tu, ile ya chini ya mfereji. Eliufoo akang'oa masale, akajenga banda, akasema ni kwa muda. Kornelia akaenda kupanga chumba Sanya Juu. Nyuma ya banda kulichipua shina moja lililosahauliwa na jembe, na hapo ndipo Eliufoo alipokata pambo lake.

Shangazi Theodora alitoka na kanga yake ya Jumapili. Akasimama mbele ya gari.

"Umelipiga fundo?"

"Ndiyo, shangazi. Lisipepee."

"Haya," alisema Shangazi Theodora, akaingia kiti cha nyuma, akafunga mlango taratibu kama mtu anayeingia kanisani kabla ya kengele.

Waliteremka vizuri. Kibo, kilele cha mlima, ilikuwa wazi, nyeupe kichwani, na chini tambarare yote ilionekana mpaka kwenye mashamba ya miwa. Eliufoo alizima injini kwenye mteremko ili kuonyesha jinsi gari linavyoweza kwenda bure. Walipofika Kiboriloni akaiwasha, akakata usukani kushoto. Gari likakata kulia.

"Marangu ni kushoto," alisema Salvina.

"Najua Marangu iko wapi, mke wangu. Mwambie gari."

Akajaribu tena. Usukani uligeuka kushoto bila shida yoyote, mpaka mwisho, na gari likaendelea kulia kuelekea Moshi mjini. Baada ya kipande kidogo Eliufoo akauachia, akakunja mikono. Salvina alisema kama ni hivyo, basi afadhali ammenyee chungwa. Akammenyea.

Mjini gari lilizunguka kipilefti kwa adabu, likawapisha waendao kwa miguu, jambo ambalo Eliufoo mwenyewe hakuwa na mazoea nalo. Likapita kituo cha mafuta bila kukitazama, likateremka Pasua na kusimama mbele ya gereji ya Seleman. Seleman alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono kwa matambara, kana kwamba ametumiwa salamu.

"Karibu, Eliufoo. Ni ile spana?"

Eliufoo alikuwa ameiazima spana ya kumi na tatu siku ya kufunga betri. Akakohoa. "Ndiyo, bwana. Naona ndiyo."

Seleman akainama akalitazama jani. "Mimi si Mchagga, lakini nimezaliwa Moshi. Hili jani si langu, lina mwenyewe. Mimi limepitia kunisalimia tu. Spana nimekusamehe bure. Iko wapi?"

"Iko bandani."

"Aa. Basi ikae salama," alisema Seleman, akarudi chini ya pikapu aliyokuwa akiitengeneza, miguu tu ikabaki nje.

Walipoondoka, mshale wa mafuta ulipanda kidogo. Eliufoo aliugonga kwa ukucha, ukapanda tena. Alijisikia vizuri. "Mnaona? Niliwaambia linanusa. Sasa halinusi hata kunusa."

Barabara ya Arusha ilikuwa nzuri siku hiyo. Miti ya migrevilea ilisimama pembeni, mbele yao Mlima Meru ulikuwa kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Magari yaliyokuwa yakija yaliona jani, yakawasha taa, yakasogea pembeni. Basi kubwa la abiria lilipunguza mwendo na kondakta akavua kofia. Kwa Sadala wauza ndizi walisimama, na mama mmoja akapaza sauti, "Nendeni salama! Mwambieni asiwe mgumu!"

"Nani asiwe mgumu?" aliuliza Eliufoo.

"Kula chungwa," alisema Shangazi Theodora.

Boma Ng'ombe trafiki aliwasimamisha. Gari lilisimama lenyewe, likajisogeza kando. Trafiki alikuwa mtu wa Musoma, mgeni, mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri.

"Dereva, mbona umekunja mikono?"

"Usukani unajiendea wenyewe, afande."

"Tangu wapi?"

"Tangu Kiboriloni."

Trafiki akazunguka gari. Akakagua matairi, akaangalia kama pembetatu ipo, akaomba kizima moto. "Leseni."

"Yangu au ya gari?"

"Usinichezee, mzee. Ya anayeendesha." Akafikiri kidogo. Akatazama usukani, ambao ulikuwa umeshaanza kugeuka kulia wenyewe kuelekea barabara ya Sanya Juu, na taa ya kona inawaka. "Angalau linawasha indiketa. Nendeni. Lakini wewe funga mkanda."

Sasa Eliufoo alielewa linakokwenda.  Upande wa kulia mlima uligeuka polepole, ukaonyesha bega lake la Shira, pana na la bluu, upande ambao mtu wa Old Moshi hauoni akiwa kwake. Salvina alisema ni pazuri kuliko Marangu. Ni kweli palikuwa pazuri. Mshale wa mafuta ulikuwa umefika juu kabisa na ulikuwa ukijaribu kuendelea.

Kornelia alikuwa amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Uani kwake palikuwa na migomba mitatu iliyopandwa kwenye mapipa yaliyokatwa, kwa sababu alisema hataki kupanda mgomba kwenye ardhi ya mtu halafu auache. Migomba yote ilikuwa imeinamia Old Moshi. Upepo wa Sanya Juu huvuma kutoka huko huko, lakini migomba ilikuwa imeinama dhidi yake, na majirani walikuwa wameshazoea kuanika nguo juu ya migongo yake.

Gari liliingia uani, likasimama mbele ya Kornelia, likashusha pua. Matairi ya mbele yalipungua upepo kidogo, kiasi cha mtu anayepiga goti.

"Shikamoo, dada," alisema Eliufoo kupitia dirishani.

"Marahaba. Shikamoo, shangazi. Salvina, karibu mama." Kornelia akaitazama bampa. "Umelifunga wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe, ila..."

"Usiseme ila," alisema Shangazi Theodora akishuka. "Masale hayana ila."

Kornelia akafuta unga mikononi. Akachuchumaa, akalifungua jani kutoka kwenye bampa bila kulifumua fundo, akalishika kwa mikono miwili.  Shangazi Theodora alitazama pembeni. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa kwa ajili ya Jumapili, na kuku tu ndio waliosikika.

"Nimesamehe," alisema Kornelia.

Gari likashusha pumzi na kuzimika. Matairi yakajaa tena.

Baada ya hapo ikawa sherehe. Salvina alimimina mtori, Kornelia akaleta mkeka na vikombe, Eliufoo akasimulia habari ya trafiki akaigiza na sauti yake, na Kornelia alicheka mpaka akashika ubavu, kwa sababu ni kweli alikuwa akimpenda mdogo wake. Alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Alimfundisha kuogelea mferejini, mfereji ule ule.

"Basi yamekwisha, dada," alisema Eliufoo, akilamba kidole. "Ingia tukazunguke mlima. Gari dogo hili, lakini tutaenea."

"Nitaingia. Hata mapipa yangu tutayapakia, moja moja. Mtanishusha kwangu."

"Kwako wapi?"

"Chini ya mfereji."

Eliufoo aliweka kikombe chini. "Dada. Pale si pana banda?"

"Hapo hapo."

"Lakini umeshasamehe! Masale yakipokelewa, maneno yamekwisha. Ni mila, sikuitunga mimi. Na mila hiyo hiyo ndiyo inasema binti hapewi kihamba. Uongo, shangazi?"

Shangazi Theodora, ambaye naye alizaliwa binti katika kihamba kile kile na sasa alikuwa akilala kwenye chumba cha pembeni mwa jiko, alitazama ndani ya kikombe chake. "Mtori umeisha," alisema.

Banda halikuvunjwa. Lipo mpaka leo, na mabati yake hayajashika kutu. Kornelia yuko Sanya Juu, na migomba yake inazaa ndani ya mapipa, mikungu midogo yenye ndizi tamu sana. Siku ile wakati wa kurudi gari lilinusa mafuta mpaka Kiboriloni kama shemeji alivyoahidi; kutoka Kiboriloni kupanda hadi bandani likanywa nusu tangi, na limekuwa likifanya hivyo kila jioni. Eliufoo anasema ni kabureta. Seleman ameifungua kabureta hiyo mara nyingi na anasema haina neno, ingawa angeifungua vizuri zaidi kama angekuwa na spana yake.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale mkekani Eliufoo alikuwa bado anabisha, tena kwa raha, kama mtu aliyeshika karata nzuri.

"Hebu nijibu, dada. Umepokea masale, hukupokea?"

"Nimepokea."

"Umesamehe, hukusamehe?"

"Nimesamehe. Jani ni moja, nimesamehe kosa moja: kung'oa mpaka aliouweka baba. Kukalia mahali pangu ni kosa la pili, na lenyewe lina jani lake. Kalete."

Eliufoo akacheka, akamtazama mkewe, akamtazama shangazi, akafungua mikono yote miwili kuonyesha kwamba ni mitupu. "Jingine nitalitoa wapi, dada yangu? Masale ya pale limebaki shina moja tu, na jani lake la maana ndilo hilo ulilolishika!"

Kornelia alilichomeka jani kwenye upindo wa kanga yake, akaanza kukusanya vikombe.

"Na hayo mengine aliyang'oa nani?"