Kompyuta ya Hatibu na Jogoo wa Mtani

Marehemu mume wangu, Hatibu, alikuwa mwalimu wa hesabu kule Mlali, na alijiona fundi. Pasi yetu aliifungua, redio akaifungua, na kila alipomaliza zilibaki skrubu mkononi asizojua zilikotoka. Kwa hiyo siku alipotandika mezani kanga yangu mpya na kuanza kuifungua kompyuta yake ya mapajani, nilimwambia, "Hiyo utaiua."

Ilikuwa mtumba. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa milango, na kila kilichowachosha Wazungu kilishuka bandarini kikatufuata hadi Morogoro. Ilikuwa na ugonjwa wa kupata joto na kuzimika. Hatibu akasugua vumbi la kwenye feni kwa mswaki, akaifunga, akabakiza kifuniko kidogo cha chini na vikorokoro vyake kwenye kisosi.

"Nikitoka msikitini naimalizia," akasema, "halafu utaniomba radhi."

Nikarudi jikoni. Presha ilimwangusha akiwa kwenye safu; wakamleta wamembeba.

Sikulia. Wanawake walinitazama, wakanong'ona, wakanisukumia maji ya kunywa. Nilikaa mkekani nikiona watu wanaingia, wanatoka, wanahamisha meza. Ungekuwa msiba wa jirani ningeguswa zaidi.

Mazishi yalipopita niliitoa kompyuta chini ya kitanda walikoisukumia. Kwenye kisosi zilikuwamo skrubu mbili. Nikakifunga kile kifuniko, nikachomeka waya, nikabonyeza. Taa ikawaka, feni ikazunguka, ikalia piii, piii, na kioo kikabaki cheusi.

Akaja Hamza, mdogo wake Hatibu. Tukabadilisha waya wa umeme. Tukachomoa betri, tukairudisha. Tukaianika dirishani, labda ilikuwa na unyevu. Piii, piii. Hamza akasema imekufa, ila kama nina moyo aipeleke kwa fundi mjini. Nikakataa. Fundi angeifungua yote na kuifunga upya, na kazi ya Hatibu ingekuwa imefutika humo ndani. Mimi nilitaka jambo moja tu: iwake vilevile alivyoiacha yeye. Isipowaka, basi neno langu la mwisho kwake lilikuwa la kweli. Maisha yangu yote napenda kushinda ubishi, lakini huu nilitaka nishindwe.

Basi kila asubuhi, nikiwa ndani ya eda, niliibonyeza. Ikalia. Nikaizima, nikaenda kuchambua mchele.

Siku ya arobaini akateremka kutoka mlimani Pazi, mtani wa ukoo wao, amevaa koti ndani nje. Watani wa Uluguru wana ruhusa yao: msibani huchekesha, huchukua kitu cha marehemu, na hawakirudishi mpaka kikombolewe. Hilo nalijua, nimeolewa huku siku nyingi. Akasimama mlangoni akanikemea kwamba hajapata kuona mjane bahili namna hii. Eti yeye alichukua kitu mchana kweupe siku ya maziko, akakitangaza uani, watu wakacheka, na mpaka leo hajaona hata unyoya wa jogoo. Hamza akainamisha kichwa. Alikuwa amesikia tangazo. Alidhani ni takataka ya redio.

Shingoni mwa Pazi, kwenye uzi, kilining'inia kibao chembamba cha kijani, kama vile vya ndani ya redio.

"Ulikitoa wapi hicho?" nikamuuliza.

"Kwenye kisosi, pamoja na skrubu. Nilidhani ndiyo hirizi ya walimu."

Nikaagiza jogoo akamatwe. Pazi akauvua uzi. Nilikifungua kifuniko mwenyewe, na chini yake palikuwa na nafasi ya urefu uleule, tupu, niliyokuwa nimeifunika bila hata kuitazama. Nikakifuta kibao kwa upindo wa kanga, nikakipachika, nikabonyeza.

Haikulia. Kioo kikawa cha buluu, kikafunguka polepole. Hamza akasema tungoje joto. Tukaiacha ikiwaka pale mkekani, watu wakala pilau, wakanawa, wakaanza kuaga. Niliiwekea kiganja chini. Ilikuwa na uvuguvugu tu.

"Amepatia," nikasema.

Nikageukia mlangoni nimwite Hatibu aje nimwombe radhi. Jina lake lilinitoka lote, kwa sauti. Watu wakanigeukia, na Pazi, aliyekuwa amemkumbatia jogoo wake, akaacha utani. Ndipo nikalia.