Simu Mpya Ndani ya Eda

Mdogo wangu Hamad alipofariki, ubani niliushika mimi. Nani mwengine angeushika? Mjane wake, Khairat, alikuwa akilia hata kwa kuulizwa chumvi iko wapi, na mtoto wao mmoja tu, Muzdalifa, yuko Maskati anafanya kazi za nyumbani, hata mazishini hakuwahi. Nikazihesabu pesa za rambirambi mbele ya watu, laki saba na ishirini elfu, nikazifunga kwenye leso nikenda nazo kwangu, nyumba ya tatu kutoka kwao, hapa hapa Mpendae.

Hata arubaini haijafika, simu ya Khairat ikamgomea. Ilikuwa kuukuu, na ile programu ya kupigiana simu za video ikamwandikia kuwa simu za zamani kama ile haizitaki tena. Muzdalifa hakuwa na njia nyengine ya kumpata mama yake, maana vocha hana, anategemea intaneti ya nyumba ya tajiri wake. Khairat akaniomba nitoe kwenye ubani laki tatu na themanini nikamnunulie simu Darajani.

Nilikasirika, sisemi uongo. Nikamwambia kuna khitma ya kusomwa na watu wa kulishwa. Khitma ikapita, pesa ya simu ikabaki na ziada, nami nikapata neno jengine: Hamad hajapoa kaburini, mkewe yumo ndani ya eda, ananunua simu mpya, watu watasemaje? Khairat akasema basi kuna duka linakopesha, unatanguliza kidogo kisha unalipa elfu mbili kila siku. Nikaenda mwenyewe kuuliza. Kumbe ukikosa siku mbili simu inajifunga, na mpaka umalize deni, zile laki tatu na themanini zimeshakuwa laki tano na nusu. Nikarudi nikamwambia riba haiingii kwenye nyumba ya matanga. Nilijiona nimesema la maana sana siku ile.

“Mimi nnayo simu nzima,” nikamwambia. “Muzdalifa atapiga kwangu, ntakuletea.”

Na nilimletea kweli, kila Jumatatu na Ijumaa, jua kali au mvua. Nikikaa kwenye ncha ya kitanda, spika nimeifungua, simu nimeishika mimi kwa sababu mikono ya Khairat inatetemeka. Au ndivyo nilivyosema. Muzdalifa akitokea, mtandio ameuteremsha mpaka kwenye nyusi, anajibu kwa neno moja moja. Nami nikimuuliza tajiri wake hajambo, maana kazi ile nilimtafutia mimi kwa shoga yangu wa Kikwajuni, na nilikuwa nikijisifia mtaa mzima. Hajambo shangazi, alhamdulillahi. Nikawaambia majirani mtoto amezidi adabu, Maskati imemfunza.

Siku moja, simu imeshakatika, nimo kuvaa viatu, Khairat akanishika mkono.

“Wifi, ahsante, Mungu akulipe. Lakini nnataka kusema na mwanangu peke yangu.”

Iliniuma. Nimekwenda na kurudi mwezi mzima, nalipwa maneno kama yale! Nikamuuliza ana siri gani na Muzdalifa isiyojuulikana na shangazi yake.

“Sijui,” akasema. “Ndiyo nnataka nimuulize.”

Nikamjibu kuwa eda imebakia miezi miwili, si miaka miwili, na asubiri. Hakuniomba tena, na mimi nikakuchukulia kunyamaza kwake kuwa ameridhika.

Eda ikesha. Khairat akakoga, akabadilisha nguo, na kesho yake nikamchukua Darajani. Nilikuwa na furaha, tena nilibishana na muuzaji mpaka akatupunguzia elfu kumi. Tukalipa taslimu, riba hakuna, maneno ya watu hakuna, na muuzaji akatutilia laini, bando na ile programu humo humo dukani. Njia nzima nikimwambia Khairat, waona faida ya kusubiri? Yeye ameikumbatia simu na boksi lake.

Tulipofika kwake akamtumia Muzdalifa ujumbe wa salamu, mimi nikamimina chai. Sijamaliza kumimina, simu ikalia. Nikakaa pangu pale pale kwenye ncha ya kitanda, na kwa mazoea nikanyoosha mkono nimshikie. Khairat akaivuta kwake, akaipokea, akaigeuza ili nyuma yake uonekane ukuta tu.

Muzdalifa hata salamu hakutoa.

“Mama, hii simu yako mwenyewe?”

“Yangu.”

“Shangazi yupo hapo?”

Khairat akaniangalia. Tangu kaolewa na ndugu yangu hajapata kuniangalia vile, na mimi ndiye niliyeinamisha macho.

“Hayupo,” akasema.

Nilikuwa hatua moja kutoka kwake, kikombe mkononi, sithubutu hata kukiweka chini kisije kikatoa sauti. Muzdalifa akaanza kulia. Alilia kwanza bila ya maneno, na mama yake akawa anamwambia sema mwanangu, sema, niko peke yangu.

“Tangu siku niliyoomba ruhusa nije kwenye khitma ya baba, wananipiga,” akasema. “Pasi yangu wameificha, mshahara sijauona. Kila siku nilitaka nikwambie, Mama. Kila nikifungua simu, namuona shangazi.”