Kaburi Langu la Myanga

Kila Julai wageni wetu wa ng'ambo huja Kitale kupaka rangi ukuta wa bweni la makao ya yatima. Ni ukuta uleule. Wanavaa fulana za kufanana, wanaimba, wanapakana rangi puani na kupigana picha, na siku ya kumi wanalia wakiagana na watoto. Ndege yao haijatua kwao, Fundi Kimotho ameshaitwa kuupaka upya, maana mtu aliyesomea sheria hajui brashi inashikwaje. Mwaka unaofuata, wiki moja kabla wafike, Mchungaji Wekoye anaukwaruza kwa jembe ili wapate kazi. Sisemi haya kwa kuwadharau. Wengi wao wana roho nzuri, na mwenye roho nzuri kuliko wote ndiye aliyenizika.

Mimi ni mfuaji wa hapo. Watoto arobaini wote huniita Auntie, na mmoja wao, Sellah, nilimzaa mwenyewe.

Mume wangu Khaemba alipokufa kule Myanga, Sellah alikuwa na miaka sita, na mimi nilikuwa nalima mashamba ya watu kwa kibarua. Mchungaji Wekoye ni mtu wa kwetu Bungoma, alikuwa amefungua makao ya yatima Kitale, na tulimwona kama mkombozi. Akaniambia yeye huchukua yatima wa pande zote mbili tu, kwa sababu mtoto mwenye mama hapati mfadhili.

"Ni karatasi tu, Mama Sellah," akasema. "Wewe mwenyewe utakuja kufanya kazi hapa. Utamwona kila siku. Si hata ni afadhali?"

Kwenye faili akaandika mama wa mtoto ni Pauline Nakhumicha, marehemu. Mimi, Pauline Nakhumicha, nikatia sahihi chini yake kama dada wa marehemu. Nilijiambia ni karatasi tu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu ulichukua miaka saba kuvimba.

Tulikuwa na sheria yetu, mimi na mtoto. Wageni wakiwepo, mimi ni Auntie. Wakiondoka na lango likifungwa, anakuja nyuma ya jikoni kwenye kamba ya nguo, anajifanya anatafuta soksi, na kuniita mayi, kama watoto wa kwetu wanavyomwita mama. Ananiita mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha anakimbia. Nilikuwa naishi kwa neno hilo. Wamboi, mpishi wetu, alikuwa anajua kila kitu, na neno hilo lilipokuwa linakuja yeye aligonga sufuria ili mwingine asisikie.

Mfadhili wa Sellah aliitwa Bi Heather, nesi aliyestaafu, mwanamke mnene mwenye macho ya kulia haraka. Alikuwa amekuja mara nne. Alikuwa anajua siku ya kuzaliwa ya mtoto wangu, namba ya kiatu chake na wimbo anaoupenda. Hapo siwezi kumsingizia. Mwezi wa tano mwaka huu Mchungaji akaniita ofisini na kufunga mlango.

"Bi Heather na kanisa lake wametengeneza kibao," akasema. "Cha kaburi. Wanataka kwenda kukiweka na kuomba hapo pamoja na Sellah."

"Kaburi la nani?"

"Lako."

Nilimwangalia nione kama atacheka. Hakucheka.

"Mchungaji, waambie ukweli."

"Niwaambie ati mama yake ndiye anafua nguo hapo nyuma? Sawa. Na kesho yake Sellah aende wapi? Huyu mama amesema atamsomesha mpaka yunivasiti. Mtoto ako gredi ya nane, Pauline. Wewe unaweza kumpeleka gredi ya kumi?"

Hakuwa ameniita Pauline kwa miaka saba. Nilishtuka kusikia jina langu, na nikiwa bado nimeshtuka nikakubali.

Wamboi alipojua aliweka mwiko chini. "Mami, usifanye hiyo kitu," akaniambia. "Unaweza danganya mzungu, unaweza danganya serikali. Kaburi haidanganywi." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye watoto wake wanasoma, anaweza kuogopa makaburi.

Nikaenda Myanga mwisho wa Juni. Shemeji yangu Hesbon alikuwa ameshaongea na Mchungaji, na hata sikuambiwa karibu nikae. Alikuwa ameanza kuchimba kando ya kaburi la Khaemba, shimo fupi la kudanganyia, halafu arudishe udongo na kuurundika kilima. Mama mkwe wangu, Kukhu, alitoka nyumbani na fimbo yake akasimama juu ya lile shimo.

"Hapo mnaweka nani?" akauliza.

Hesbon akamweleza kwamba ni mambo ya wageni, ni ya siku moja tu.

"Kabuli halikai bure," Kukhu akasema. "Likikaa bure linaita mtu wa hii boma. Mkitaka kabuli, wekeni mgomba. Hamtaki, fukieni mwende."

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukalazwa kaburini mahali pake, na watu wakamlilia wakamaliza. Na akitokea siku moja yuko hai, haingii bomani hivihivi. Achinjiwe kondoo kwanza, atakaswe, kwa sababu watu walishamalizana naye. Haya tunayajua tangu utoto. Hesbon aliyajua pia, ndiyo maana alishika jembe lake na kuangalia barabarani kama mtu anayesubiri kuitwa.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilienda mwenyewe nyuma ya jiko langu la zamani, kwenye migomba niliyoipanda nikiwa bibi harusi, nikakata mmoja kwa panga. Maji yake yakanichafua blauzi. Nikaubeba begani, nikaulaza shimoni, nikamwambia Hesbon afukie. Kichwani nilikuwa na gredi ya kumi tu, na sare, na sanduku la bweni.

Kukhu aliniangalia mpaka mwisho. "Haya, umeenda," akasema. "Usipite mlangoni kwangu." Nikacheka. Nilifikiri nimewashinda wote, yeye na Mchungaji na hao wageni, kwa shina la mgomba.

Safari ya kaburini ilikuwa Alhamisi ya pili ya Julai, magari mawili, wageni kumi na watano. Tulitoka Kitale asubuhi kwa baridi, tukapita Kamukuywa watu wakipanga vitunguu vya soko, tukashika Webuye mpaka Bungoma mjini, ambako walisimama kununua maua. Hakuna duka la maua ya kaburi hapo walipotafuta, wakanunua ya plastiki. Sellah alikaa mbele na Bi Heather, wameshikana mikono. Mimi nilikaa nyuma na maji ya chupa na mikate, kama Auntie.

Kibao kilikuwa cha shaba, kizito. Wazungu hukosea majina yetu siku zote, wanaandika Nakumicha, Nakhumisha, chochote kile. Hili hawakulikosea. Pauline Nakhumicha, herufi zote mahali pake, na chini yake tarehe ya kufa. Nikaitambua ile tarehe. Ni ile siku niliyotia sahihi.

Kukhu alikataa kutoka nje. Nilimwona tu amekaa kizingitini, na Sellah akakimbia kumsalimia. Walikaa huko muda mrefu kuliko salamu, na mtoto aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Wakaimba. Mchungaji akaomba kwa Kiingereza, akamshukuru Mungu kwa maisha ya dada yetu Pauline aliyemtumikia kwa uaminifu. Kisha Bi Heather akapiga magoti kwenye udongo, akamwambia Sellah aongee na mama yake, asiogope. Sellah naye akapiga magoti. Akaweka mkono juu ya kile kibao na kulia.

Namjua mwanangu. Najua anavyolia akitumwa kulia mbele ya wageni, maana amefundishwa. Hiki hakikuwa kilio hicho. Alilia mpaka akakohoa, akasema "mayi, mayi," kwa sauti kubwa, mara nyingi kuliko nilizowahi kupewa kwa mwezi mzima. Na mimi nimesimama hatua mbili nyuma yake na chupa za maji. Niliuonea mgomba wivu. Nilitaka kuuchimbua kwa kucha.

Nikaweka maji chini. Kwa Kiingereza changu cha darasa la saba nikawaambia: mama yake ni mimi. Pauline ni mimi. Niko hai.

Bi Heather akainua uso umejaa machozi, akaniangalia, akamwangalia Mchungaji. Wekoye akaja akaniwekea mkono begani, taratibu, na kuwaeleza, na nilielewa karibu yote. Kwamba huku kwetu mwanamke akifa, dada yake ndiye hushika watoto wake na kuwa mama yao. Kwamba huyu Auntie alibeba jukumu hilo na huzuni imemzidi leo. Mbaya zaidi ni kwamba desturi hiyo ni ya kweli. Hakudanganya hata neno moja juu ya desturi.

Bi Heather akasimama akanikumbatia na udongo wake magotini. Akaniambia pole. Akaniambia mimi ni mama kweli. Wengine wakapangusa macho, na kamera ikaletwa.

Mzee mmoja tu wa kofia, aliyekuwa kimya safari nzima, hakuridhika. Alichuchumaa mbele ya Sellah na kumuuliza mwenyewe kwa upole: huyu ni nani wako, mtoto? Sellah anajua Kiingereza kuliko Mchungaji. Neno moja lake lingetosha. Nilimwangalia bila kupepesa, na moyoni nilikuwa nimeshawasamehe wote, nimeshakubali kurudi kulima vibarua, wote wawili, hata leo jioni.

Sellah aliniangalia, kisha akaangalia kile kibao.

"Ni Auntie," akamwambia. "Alimpenda mama sana. Tangu wamzike hajakuwa sawa."

Yule mzee akatikisa kichwa, akamshika bega, na mambo yakaishia hapo.

Tulipokuwa tunarudi kwenye magari nikambana Sellah kwenye mahindi, watu wakiwa mbele.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kukhu ameniambia ni wewe ulikata huo mgomba," akasema. "Na ni wewe uliubeba."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Najua," akasema. Akapangusa magoti yake, akaenda kukaa na Bi Heather.

Waliondoka Jumamosi na vilio vyao. Jumatatu Fundi Kimotho alikuja na ngazi, na saa saba mchana nikiwa kwenye kamba nilisikia hatua za Sellah. Lango lilikuwa limefungwa. Hakukuwa na mgeni hata mmoja Kitale nzima niliyemjua. Wamboi, kule jikoni, akaanza kugonga sufuria.

"Auntie," Sellah akasema, "sweta yangu imekauka?"

Nikasubiri kidogo, nikaishikashika ile sweta mikononi na kwapani, nikijifanya naipima. Sufuria ilikuwa bado inagongwa. Sweta ilikuwa imekauka tangu saa nne asubuhi. Nikamwambia bado, arudi jioni.