Mpelelezi Asiyerudi

Asubuhi ile Ekidor alipokuwa anaondoka kwenda kutazama malisho upande wa milima ya Loima, mama yake, Apua, alimtegea kitendawili kama alivyomfanyia kila safari tangu alipokuwa mtoto wa kuchunga vitoto vya mbuzi.

"Kitendawili!"

"Tega," Ekidor akasema, huku anakaza viatu vyake vya tairi.

"Nina kundi halinywi maji, halijui ukame, na mwizi hajalifikia."

Ekidor akacheka, akafungua mdomo kujibu. Apua akamziba kwa kiganja. "Jibu utaniletea ukirudi."

Ndiyo iliyokuwa desturi ya boma lao. Anayetangulia kutazama majani na usalama lazima arudi kwanza. Aonekane kwa macho, aketi, anywe maji, aulizwe maswali mpaka achoke. Hapo ndipo watu wahame. Kabla hajarudi, hakuna wa kung'oa hata tawi moja la mwiba kwenye zizi.

Ekidor akamwachia simu yake, simu ya kugusa yenye kioo kilichopasuka, aliyoinunua mjini Lodwar alipokuwa akibeba mawe ya ujenzi. "Kule juu hakuna mtandao, mama. Nikiteremka Lorugum nitaomba simu ya mtu nikupigie kwenye hii. Nipe siku kumi."

Siku kumi zikaisha. Zikafika kumi na moja.

Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, na jua la Kakuma lilikuwa limekunywa mpaka jasho la mawe. Majirani walishahama. Apua hakuwahesabu mbuzi wake, maana mifugo haihesabiwi kwa kidole, lakini aliwajua kwa rangi, na karibu kila asubuhi rangi moja ilishindwa kusimama. Akihama bila habari, huenda akawapeleka wote kwenye jangwa jingine au mikononi mwa wezi, tena apishane na mwanawe njiani. Akingoja, watakwisha hapa hapa.

Kukaa hakuweza. Aliketi, akainuka. Alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Aliitazama milima, akajikuna, akaitazama tena. Binti yake akamwambia, "Mama, unanizungusha kichwa. Nenda kambini ukauze kuni."

Basi kila siku Apua alijitwika mzigo wa kuni akaenda kambi ya wakimbizi, kwenye kibanda cha Nyandeng cha kuchajia simu. Nyandeng alikuwa msichana wa miaka ishirini, aliyeletwa kutoka Sudan Kusini akiwa mgongoni mwa mama yake, na Kiswahili chake alikiokota kwenye foleni za maji. Alikuwa na sola mbili juu ya bati, na kila simu aliyoipokea aliifunga kibati chenye namba. Ya Apua ilikuwa kumi na mbili.

"Ejok, Mama Ekidor," Nyandeng akamsalimu kwa Kiturkana. "Amepiga?"

"Angepiga ungeniona nimekuja na uso huu?"

Kumtuliza, Nyandeng ndiye aliyemfungulia gemu ya Ekidor. Ndani yake kulikuwa na merikebu ya angani iliyokuwa ikihama kutoka nyota hii kwenda nyota ile ikitafuta maji. Ekidor alikuwa ameipaka rangi ya kijivu na doa jeupe begani, kama dume lake la mbuzi alilolipenda. Ilikuwa na nahodha, mpishi, fundi na mpelelezi, na kila walipofika nyota mpya walipewa pointi za kuwaongezea nguvu. Ekidor alikuwa amezimwaga zote kwenye macho ya mpelelezi. Zile alizozipata Apua alimpa mpishi.

"Mpishi hapigani, Mama," Nyandeng akamwambia.

"Na mwenye njaa anapigana?"

Alicheza hivyo nyota tatu, mpaka walipofika penye giza kubwa. Kioo kikauliza jambo kwa Kiingereza, na Nyandeng akamsomea, "Inasema, unataka kutuma mpelelezi?"

"Sasa hii imeanza kuwa na akili. Mtume."

Mpelelezi akaruka, akapotea. Baadaye kimwanga kidogo kikaanza kupepesa kando ya nyota ya samawati, mbali sana. Apua akaweka simu mapajani, akangoja. Kesho yake akangoja. Keshokutwa akangoja. Mafuta ya merikebu yakawa yanapungua tu.

"Huyo hatarudi," Nyandeng akasema. "Ameshafika, ndio amewasha taa. Wewe bonyeza hapa, twende."

"Amesema nini juu ya maji?"

"Mama, ni gemu!"

"Gemu ya watu wasiojua kuhama. Mpelelezi gani anakaa huko huko anawasha taa? Taa hata mwizi anawasha."

Santino, kinyozi wa kibanda cha pili, akachungulia, mashine ya kunyolea mkononi. "Mama, utagandia hapo angani mpaka wajukuu wa mpishi waoe!"

"Wewe nyoa kichwa cha watu, hiki changu kiache."

Nyandeng hakucheka. "Lakini Mama, hii gemu inakula chaji. Mtu akipiga je?"

"Nisipocheza nitakula vidole vyangu," Apua akasema, na haukuwa utani.

Siku ya kumi na saba, kabla ya adhuhuri, mshale wa mafuta ukaingia kwenye wekundu. Apua akaukodolea macho. Kioo kikawa cheusi: chaji imekwisha. Nyandeng akaichomeka simu, lakini vumbi lilikuwa limefunika jua na sola zilikuwa zikinyonya kidogo kidogo kama mbuzi mgonjwa. Apua akakizunguka kibanda. Alikizunguka mpaka Santino akamwambia atachimba mtaro.

Simu ilipowaka, ikalia mfululizo, jumbe zikiingia. Nyandeng akazisoma.

"Umepigiwa mara tatu. Namba moja. Wakati imezima."

Apua akajipiga paja. "Nimeila simu ya mwanangu! Nimeila kwa mdomo wangu mwenyewe!"

"Ngoja, tutampigia." Nyandeng akabonyeza, akaweka sauti ya nje.

"Halo, duka la Njenga, Lorugum."

"Ni mimi mama yake kijana aliyepiga," Apua akapaza sauti, kana kwamba Lorugum ilikuwa ng'ambo tu ya lugga, mto mkavu wa mchanga.

"Mama Ekidor! Amekupigia mpaka nikamwonea huruma. Pikipiki imeshamrudisha juu malishoni, haikuweza kungoja. Mguu umevimba kama kibuyu, mwiba uliingia ukavunjikia ndani. Daktari ameutoa, lakini kutembea mpaka huko kwenu hawezi. Anasema majani yapo, maji yapo, amani ipo. Uje na mbuzi, usimngoje."

Moyo wa Apua uliruka, kisha akaukamata. Hiyo ilikuwa sauti ya mtu asiyemjua. Hajamwona akiketi, hajamwona akinywa maji.

"Maneno hayo hata mwizi anaweza kuyasema," akamwambia.

"Mama, mimi nauza sukari na kiberiti. Mbuzi wako nitawaweka rafu gani?"

Santino akacheka. Apua hakucheka. "Nikuulize kitu. Nina kundi halinywi maji..."

"Eh! Ngoja, ngoja." Ikasikika karatasi ikikwaruzwa. "Ameniandikia kwenye boksi la sabuni. Mimi nilidhani ni homa inamsemesha. Anasema hivi: 'Jibu ni nyota. Lakini mwambie mama mwizi ameshazifikia, atazame merikebu kwenye simu.'"

Apua akakaa chini kwenye vumbi. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi na saba alikaa na mwili ukakubali. Akacheka mpaka machozi yakamchora mistari mashavuni.

"Ndiye," akasema. "Huo ujeuri ni wa nyumbani kwangu."

Kukaa kwenyewe hakukudumu. Alishainuka, anajifunga shuka kiunoni. Lorugum ilikuwa safari ya siku nne au tano kwa miguu ya mbuzi waliochoka, na leo bado ilikuwa na mchana ndani yake.

Nyandeng akaifungua simu kibati chake, akampa. "Imefika nusu tu. Na merikebu yako?"

Apua akaitazama. Ilikuwa imeelea pale pale na doa lake jeupe, mafuta kidogo ukingoni, na kule mbali kimwanga kikipepesa bila kuchoka.

"Kumbe huyu naye labda amechomwa na mwiba," akasema polepole.

Akabonyeza kwa kidole gumba. Merikebu ikainamisha pua, nyota zikaanza kukimbia pembeni. Hakungoja kuona itafika wapi. Aliizima simu ili chaji imtoshe njiani, akaitia kifuani, akaondoka kwa hatua ndefu.

"Mama Ekidor! Kuni zako umeziacha!"

"Pikia!" akajibu bila kugeuka. Zizi lilikuwa bado mbali, lakini alikuwa ameshaanza kuwaita mbuzi wake, mmoja mmoja, kwa rangi zao.