Nukta Kwenye Pete

Wifi yangu ndiye mkuu wangu kazini, na usiniulize imekuwaje. Kaka yangu alimuoa, idara ikampandisha cheo, mimi nikabaki kwenye kiti kile kile nikikagua picha za setilaiti. Nyumbani namtania mpaka kaka anatukimbia. Kazini namwita "Mkuu", na anajua vizuri ninavyolitamka.

Kazi yenyewe ni hii. Huko mbali kupita kiasi nyota kubwa hufa na kurusha miali ya gama kwa sekunde chache tu. Setilaiti ikiinasa, hugeuka upesi na kupiga picha mahali pale, kwa mwanga wa kawaida na wa urujuanimno usioonekana kwa macho, ili kutafuta mng'ao uliobaki. Mng'ao huo hufifia saa baada ya saa. Tukiuona, tunatangaza ulipo, na darubini kubwa za ardhini zinaugeukia. Tukichelewa, basi tena.

Siku hiyo mlipuko ulitokea saa tano asubuhi. Darubini moja kubwa, iliyo upande wa dunia ambako ni usiku, ilitushikia nafasi mpaka saa tisa kamili za kwetu. Picha za mwisho zilitufikia saa nane na nusu; programu aliyoiandika wifi ilizipitia kwa dakika mbili, ikajibu: hakuna kitu.

"Haya, tuma taarifa kwamba hatujaona," alisema wifi, kikombe cha chai mkononi.

"Ngoja kwanza."

Nilikuwa nimeona nukta. Ilikaa kwenye pete ya mwanga iliyoizunguka nyota moja kali. Pete hizo haziko angani. Ni mwanga wa nyota unaorudishwa na vioo vya darubini iliyomo kwenye setilaiti yenyewe. Programu iliagizwa kutupa kila kitu kilichomo kwenye pete, na iliagizwa hivyo kwa sababu yangu. Mwaka uliopita nilitangaza nukta ya namna hiyo kwa kutazama picha moja tu. Darubini sita ziligeuka, zikakuta patupu. Wiki nzima nilikula mezani kwangu, sitaki kuonana na mtu.

"Iko kwenye pete," wifi alisema. "Hili tulishalimaliza."

"Najua iko wapi. Macho ninayo."

"Hata mwaka jana ulikuwa nayo."

Iliniuma, sitaki kudanganya. Lakini safari hii nilikuwa na picha tatu, nami nikazipitisha kwenye skrini moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa saa. Pete ilisogea kidogo kila picha, kwa sababu setilaiti nayo ilisogea. Nukta haikubanduka pale ilipokuwa kati ya nyota. Ila katika kila picha iliyofuata, nukta ilikuwa hafifu zaidi.

Wifi aliweka kikombe chini. "Rudia."

Nikarudia. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na mbili.

"Ukikosea tena sitaweza kukutetea," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani kakuomba unitetee? Weka jina langu peke yake."

Akaliweka, taarifa ikaenda. Baada ya hapo sikuweza kunywa hata maji. Nilipanga faili ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jibu liliingia saa kumi na robo. Mng'ao umeonekana, palepale niliposema, na mwanga wake umesafiri miaka bilioni kumi na moja. Nilijivuna, na sioni haya kusema hivyo. Mwanga ule uliondoka kwao dunia yetu haijawa chochote, na mtu wa kwanza kuutambua ni mimi. Nilizunguka chumba kizima nikimpa kila mtu mkono, hadi fundi aliyekuja kutengeneza kiyoyozi.

Wifi hakuinuka kitini. Alikuwa ameinamia kompyuta yake anaandika, nami kwa umbea wangu nikaenda kuchungulia begani kwake. Alikuwa kwenye programu, pale penye agizo la kutupa. Alikuwa amelifuta. Mahali pake aliandika: "Ikiwa kwenye pete, usitupe. Mwite wifi."