Mirija ya Elsie Nangala

Jumamosi asubuhi nesi Maree alipakia garini mtaimbo, makopo matatu matupu ya maziwa, ndoo ya maji, majani ya chai na mkia wa kangaruu ambao bado ulikuwa na barafu. Coral Nungarrayi alikaa mbele kwa sababu ya magoti yake. Binti zake wawili walikaa nyuma, wakaacha nafasi katikati.

"Mbona huondoi gari?" Coral aliuliza.

"Namngoja wifi yako, shangazi."

"Huyo hata siku ya kuolewa na kaka yangu tulimtafuta."

Saa mbili kasorobo, mjini, kilomita mia tatu na themanini kutoka pale, muuguzi mwingine alimaliza kumuunganisha Elsie Nangala na mashine ya kusafisha damu. Papo hapo Elsie akawa ameketi garini, kiti cha katikati, blanketi la hospitali magotini. Mirija miwili, mmoja wa damu inayokwenda na mwingine wa damu inayorudi, ilitoka mkononi mwake, ikapita dirishani na kufuata barabara ya vumbi mpaka mjini. Maree alikagua sindano, akaongeza plasta, akatia gia.

"Taratibu, mwanangu. Wiki iliyopita uliniburuza kama gunia."

Alimwita mwanangu kwa haki. Wiki ya kwanza Maree alipofika kijijini, Elsie ndiye aliyempa jina la ukoo la Napaljarri, na kwa desturi yao Napaljarri ni binti wa Nangala. Tangu hapo mwisho wa juma wa Maree haukuwa wake tena, na hakuwahi kulalamika.

Kwenye kilomita ya kumi na mbili Elsie aliwaambia wasimame.

"Ng'ombe kasimama juu yangu."

"Upande gani?"

"Huko karibu na mjini, mirija inapopita kwenye pampu ya upepo."

Walizima injini, wakamsema ng'ombe yule na mwenye ng'ombe pia, mpaka Elsie akapata rangi usoni. Kisha wakaendelea.

Walikuwa wanafuata sisimizi wa asali, wale wanaoning'inia chini ya ardhi na matumbo yaliyojaa utamu. Mahali pa sisimizi hao, penye miti ya mulga, palikuwa pa baba yake Elsie, na sasa ni pa Elsie. Yeye ndiye wa kupiga mtaimbo wa kwanza, na mwenye kumkabidhi mwingine kazi hiyo humkabidhi palepale, mkono kwa mkono. Mashine ilimchukua Elsie kwenda mjini miaka miwili iliyopita, kabla hajamkabidhi mtu. Tangu hapo hakuna aliyechimba, hata Coral, ambaye huwamezea mate sisimizi hao waziwazi.

Hatua arobaini kabla ya mti wa kwanza, mirija ilinyooka ikakazika. Ilikuwa hivyo kila Jumamosi. Elsie aliketi mchangani, wakakoka moto hapo hapo, wakala mkia, wakanywa chai wakiitazama miti.

Nyuma ya zahanati ya kijiji kulikuwa na chumba kilichokamilika, chenye maji na umeme, kilichokosa mashine tu na mtu wa kuiendesha. Maree aliwaandikia wakubwa wa afya kukiombea mashine. Kosa lake ni kwamba alieleza kweli yote, pamoja na mirija na zile hatua arobaini.

Jumamosi moja afisa alikuja, mtu mpole mwenye kofia mpya. Aliipima mirija, akaandika, akachuchumaa mbele ya Elsie.

"Unajisikiaje, mama?"

"Nimefungwa kamba."

"Lakini uko nyumbani."

"Mbwa wa wifi yangu naye yuko nyumbani, na anakojoa anapotaka."

Coral alicheka mpaka akamwaga chai. Afisa naye alicheka kidogo, akaandika tena.

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Maree alimsomea Elsie barua hiyo pale motoni. Kwa kuwa mgonjwa hufika kila Jumamosi, anahesabiwa kuwa amerudishwa nyumbani. Upungufu wa hatua arobaini umo ndani ya kiwango kinachokubalika. Ombi limefungwa, na chumba kitawekewa viti vya mikutano. Mirija italindwa kwa mabango ya kuwataka madereva wapunguze mwendo.

"Nisamehe, mama. Heri ningenyamaza kuhusu mirija."

"Ungewadanganya kwamba sifiki?" Elsie aliikunja barua, akaikalia. "Wamesema nimefika. Mtaimbo uko wapi?"

Coral alimletea. Elsie alipiga magoti palepale mirija ilipokomea, akaupiga mtaimbo ardhini, akausogeza mchanga kwa kopo. Kisha akamwashiria Maree, akamtia mtaimbo mikononi, akaishika mikono hiyo pamoja na chuma.

"Hivi. Pinda kiwiko. Wasikize kwanza."

Walichimba wote, kwa zamu, mpaka shimo likawameza mikono hadi kwapani. Mchanga ulitoka mkavu na mwekundu.

"Wifi, hapa hakuna kitu," Coral alisema kwa upole.

"Najua. Chimba."

Saa saba kasorobo mashine ilimaliza na Elsie akaondoka. Kule mjini muuguzi alimchomoa sindano, akamtoa mchanga kwenye kucha, akamwandikia arudi Jumanne.